Tunasema "jaza gesi tu", kompresa ikifa tunamlaumu fundi

Ukimwambia mtu wa Mbeya kwamba unatengeneza AC ya gari, atakucheka kwanza. AC ya nini na baridi hii? Mwezi wa saba tunalala na mablanketi mawili, asubuhi unaingia garini na koti na kofia ya sufi, halafu unazungumzia AC! Kicheko chao nakielewa. Ila wanaocheka hivyo hawajawahi kuendesha gari lenye abiria watano waliolowa, jioni ya masika, pale Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu, ukungu nje na ukungu ndani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unafuta kioo kwa gazeti. AC haipozi tu, inakausha pia. Hewa ikipita kwenye evapoleta, kile kipoza hewa chenye baridi, unyevu wake unageuka matone na kudondoka chini ya gari. Hewa hiyo kavu ukiipitisha kwenye hita na kuielekeza kioo cha mbele, ukungu unatoweka baada ya dakika moja au mbili. Na ukishateremka Kyela kwenye joto, huyo aliyekucheka ndiye wa kwanza kuuliza swichi iko wapi.

Gari langu ni Land Cruiser mkonga la mwaka 1991, nimelirithi kwa mzee. Miaka hiyo AC za magari zilikuwa zinatumia gesi ya R12, ile iliyokuja kugundulika kwamba inatoboa tabaka la ozoni. Mataifa yakakubaliana Montreal mwaka 1987 kuipunguza, Tanzania ikaridhia mwaka 1993, na nchi kama zetu zikapewa hadi 2010 ziwe zimeachana nayo kabisa. Viwanda vya magari vilihamia gesi mpya, R134a, mapema zaidi, miaka ya mwanzo ya tisini. Kwa hiyo mwenye gari la umri wa hili langu hana ujanja: gesi yake haiuzwi tena, na akiletewa mtungi ulioandikwa R12 leo, ajiulize ndani yake kuna nini.

Basi mwaka juzi nikalipeleka gari kwa fundi. Nikamwambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka naona aibu: "Kaka, wewe jaza tu ya kisasa, mambo mengine baadaye." Akafungua paipu, gesi iliyobaki ikatoka fyuuu, ikaenda zake angani. Gramu moja ya gesi ile hupasha dunia joto kuliko gramu elfu kumi za kaboni dioksidi, na sisi tumesimama pembeni tunakunywa soda. Akafunga adapta, akachomeka kopo, akatazama geji, akaongeza, akaongeza tena. Saa moja kazi imekwisha. Baridi ikatoka safi, nikamsifu na hela ya chai nikampa.

Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, haikumaliza mwezi wa pili. Ilikamata nikiwa karibu na Igurusi, mkanda ukaanza kutoa moshi, nikaukata kwa kisu ndipo nikafika nyumbani.

Fundi yule nilimsema vibaya kila kona ya Mwanjelwa. Sasa naona nusu ya lawama, pengine zaidi ya nusu, ni yangu. Kosa linaanzia kwenye hilo neno letu "kujaza". Gesi haitembei peke yake kwenye paipu, inatembea na oili inayolainisha kompresa. Oili ya mfumo wa R12 ni ya madini, nayo haichanganyiki na R134a. Ukiingiza gesi mpya juu ya oili ya zamani, gesi inazunguka na kurudi, lakini oili inabaki imelala kwenye evapoleta na kwenye kona za paipu. Kompresa inasaga chuma kwa chuma huku wewe unafurahia baridi.

Mara ya pili nilimpata kijana aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA. Huyu hakugusa gesi siku ya kwanza. Aliifungua kompresa nyingine niliyonunua, ya mtumba, akaipindua juu ya kopo la Blue Band. Halafu akaleta ile iliyokufa, akaipindua juu ya kopo la pili, akaniita: "Mzee, njoo utazame." Kopo la kwanza lilikuwa na oili ya rangi ya chai ya rangi. La pili lilikuwa na kijiko kimoja cha uji mweusi, na ulipoligeuza juani ulimetameta kama kucha zilizopakwa rangi. Huo ndio ulikuwa ukuta wa kompresa ya mzee.

Akasafisha paipu zote, akabadilisha oringi, zile raba za kuzibia maungio, nyeusi zikawa za kijani, akatupa draya ya zamani kwa sababu punje zake za kunyonya unyevu hazipatani na R134a. Akaweka oili ya esta. Nilimuuliza kwa nini si PAG inayotumika kwenye magari mapya, akasema esta inavumilia mabaki ya oili ya zamani, maana hata usafishe vipi hutayamaliza yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote iliyomo kwenye paipu. Aliiacha inanguruma karibu saa nzima, na sindano ya geji ikagota inchi ishirini na nne na ushee za zebaki. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba lazima ifike ishirini na tisa, nikaanza kununa. Akacheka. Ishirini na tisa ni ya Dar, usawa wa bahari. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo sindano haina pa kwenda zaidi ya hapo. Ni sababu ileile inayofanya maji yetu yachemke kabla ya nyuzi mia.

Na hapo ndipo nilipoelewa kosa la pili la yule fundi wa kwanza: kuongeza kwa kutazama geji. Asubuhi ya Mbeya ni ya baridi, presha lazima isome chini hata gesi ikitosha. Fundi aliyekariri namba za Dar ataona imepungua, ataongeza. Gari likiteremka Kyela mchana, presha inapanda kupita kiasi, na kwenye magari haya ya zamani mara nyingi hakuna swichi ya kuikata. Yule kijana alitumia mzani. Kibandiko cha chini ya boneti kilisema gramu 800 za R12. R134a huwekwa pungufu, asilimia themanini hadi tisini, akapima gramu 680, akafunga. Kwa kweli haipozi kama R12 ilivyokuwa inapoza zamani za mzee, na feni ya kondensa, ile rejeta ya kutolea joto la gesi, ikichoka kidogo tu utajua. Nimeridhika hivyo hivyo.

Kuna jamaa alinishauri nijaze gesi ya kupikia, eti bei rahisi na inapoza. Kupoza inapoza, sibishi. Lakini evapoleta iko nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya mke wangu. Paipu ikivuja mle ndani na vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, cheche moja ya swichi inatosha.

Ukikosa hela ya kazi nzima, maoni yangu ni haya: vua mkanda wa AC, endesha na gazeti lako la kufutia kioo, subiri hela. Usimlazimishe fundi kufanya kazi ya siku mbili kwa saa moja, kisha umtangaze mjini. Najua hata hii R134a imeshaanza kupunguzwa, tangu makubaliano ya Kigali ya 2016, na huenda mwanangu atakuja kuhangaika na gari hilihili kama nilivyohangaika mimi.

Kwa ajili yake, kibandiko cha zamani nilikikwangua. Nikaandika chini ya boneti kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: R134a, GRAMU 680, OILI YA ESTA, USIONGEZE BILA MZANI.