Kioo kiligoma kushuka, kisha kikagoma kupanda

Najua video mshaiona. Yule niliyekuwa naye kwenye gari keshairusha magrupu yote na kaandika "jamaa anabusu kioo". Sikuwa nabusu kioo. Nisikilizeni mimi mwenye shavu.

Juzi jioni gari lilikuwa jeupe kwa chumvi ya barabarani (ile wanayomwaga kuyeyusha barafu), nikalipeleka kuoshwa, likang'aa, nikalipaki nje nikalala zangu. Usiku baridi ikashuka mpaka nyuzi 12 chini ya sifuri. Sasa kwa msioijua winta, kioo cha mlango kimebanwa na raba, na maji ya kuoshea yanajificha pale kati ya raba na kioo, yakiganda ndo basi tena, kioo na mlango vinakuwa kitu kimoja na kwa macho huoni chochote. Mlango wenyewe asubuhi niliung'oa kama jino, ukafunguka, nikasema haya tumepona.

Tukafika geti la paking, lile la kubonyeza mashine ikupe tiketi. Nikasogea vizuuuri, karibu kabisa na mashine ili mkono ufike. Nikabonyeza swichi ya kioo. Ngrrr. Kimya. Nikabonyeza tena. Ngrrr. Gari la nyuma likapiga honi, ila honi yenye adabu bado.

Nikafungua mlango. Ko! Ukagonga mashine. Nafasi iliyobaki ni ya kupitisha mkono tu, tena bila koti, na kurudi nyuma siwezi maana foleni imeshajipanga. Basi nikavua koti humohumo mkanda nimeufunga (msiniulize nilivuaje), nikapenyeza mkono mpaka begani, shavu limelala kwenye kioo, kioo cha barafu wakuu, pumzi yangu inakijaza ukungu sioni kitu, vidole vinahangaika peke yake huko nje. Vikapapasa bati. Vikapapasa skrubu. Vikapata kitufe nikabonyeza kwa furaha zote, ikatoka sauti ya mdada: "Habari, nikusaidie nini?" Kumbe kitufe cha msaada. Nikamjibu mdomo umepinda kwenye kioo, "hamna dada, natafuta tiketi", nilivyoisikia mwenyewe kwenye video ni "hamabaada pafutapeti". Akauliza tena. Nikamjibu tena vilevile. Huku nyuma adabu ya honi ilishaisha kitambo.

Mtauliza aliyekaa pembeni kwa nini hakushuka akachukua tiketi. Swali zuri sana. Alikuwa anarekodi.

Kitufe chenyewe nikakipata mwishoni, tiketi ikatoka, nikaidaka kwa ncha za vidole ambavyo havina hisia tena, upepo ukaichukua ukaipeleka chini ya gari. Geti hilo, wazi linanisubiri. Hapo hasira zikapanda nikarudi kwenye swichi, nikaikandamiza bila kuachia, na hita muda wote ilikuwa inapuliza, mara TAK! Kioo kikashuka. Kikashuka chote. Kikazama ndani ya mlango tukakisikia kinatua huko chini, na kupanda hakikupanda tena.

Kurudi nyumbani dirisha wazi, machozi, kamasi, hiyo ni video ya pili tuiache. Fundi kafungua mlango kakuta vishikizo vya plastiki vinavyobeba kioo vimekatika, mota ilikuwa inavuta kitu kilichoganda unategemea nini. Kaniambia ukiosha gari winta futa raba kwa kitambaa kikavu, pandisha shusha vioo kabla maji hayajaganda, na raba zenyewe uzipake silikoni. Siyo grisi, grisi inavimbisha mpira. Na kikishaganda washa hita usubiri, swichi usiiguse kabisa. Haya yote kanieleza taratibu kwa upole wa kumweleza mtoto, na najua alikuwa ameshaiona video.

Na nyie mnaonijia inbox na "si ungemwagia maji ya moto", kioo chenye baridi ile ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupasuka, na maji yanayobaki yanarudi kuganda palepale kwenye raba. Kaeni kwa kutulia.

Kipuri hakijafika. Dirisha nimeliziba kwa nailoni na gundi ya karatasi, nikikanyaga mafuta kidogo inapiga kelele hata simu sipokei. Anayetaka lifti aje na blanketi lake, isipokuwa yule mpiga video, yeye atatembea.