Sola juu ya motahomu: watu wanagombania skrubu na gundi, jua lenyewe hawaliangalii

Shemeji yangu ni fundi sola Morogoro, kashapanda mabati ya watu miaka na miaka, sasa nilivyomwambia nataka kuweka paneli juu ya motahomu yangu huku Uingereza akanirushia voisi ya dakika nne WhatsApp, kwa kifupi anasema acha uoga bwana, piga skrubu, weka na mpira wake, pakaa silikoni, shuka kanywe chai. Siku mbili baadae niko kwenye ngazi na drili mkononi, mzee mmoja wa Kiingereza tuliyepaki jirani akaja mbio kama kaona moshi. Hilo paa usilitoboe, ananiambia, ukilitoboa umeliua. Yeye anaamini gundi tu.

Kwa ambaye hajaiona, motahomu ni gari lenye kitanda, jiko, friji na choo huko nyuma. Yangu ni Fiat Ducato ya 2006, mbele ni kabini ya kawaida ila nyuma pamejengwa kama kibanda cha faibaglasi. Ni mtumba, na aliyeniuzia alishaweka paneli yake moja juu, ile nyembamba inayopinda, nitaifikia.

Mwanzoni nilikuwa upande wa shemeji moja kwa moja, manake skrubu naiona kwa macho, gundi unaiamini tu. Unaendesha kilomita 110 kwa saa, upepo unaingia chini ya paneli unataka kuibeba kama ungo, na nyuma yako kuna gari la mtu lina watoto. Ila nilipofungua tundu la feni ya darini nikaona ubavu wa paa lenyewe lilivyo ndo nikaanza kuelewa hofu ya yule mzee. Nyumba ya Morogoro chini ya bati kuna mbao, skrubu inang'ata mbao. Hapa juu kuna ngozi ya faibaglasi nyembamba kama kifuniko cha ndoo, chini yake povu jeupe lile la kufungia tivii mpya, alafu ubao laini wa dari, basi. Vijiti vya mbao vipo lakini vimepita mbali mbali na kutoka juu huvioni. Sa skrubu inashika nini hapo? Inashika povu. Na maji yakiingia kwenye hilo tundu hayadondoki kitandani ukashtuka mapema, yanatembea ndani ya povu taratibu mpaka vile vijiti vinaoza, we unakuja kujua siku ukigusa ukuta ukabonyea kama mkate uliolowa. Motahomu nyingi za zamani zinakufa kwa unyevu, injini bado nzima kabisa.

Kwa hiyo gundi? Ndio, lakini na yenyewe watu wanaiimba kama vile haina masharti. Inayotumika sana ni Sikaflex 252, inashika kweli kweli, ni ya kujengea mabasi na malori hiyo. Ila inashika kile ulichoipaka. Ukiipaka juu ya vumbi itashika vumbi, ukiipaka juu ya rangi inayobanduka basi paneli itaondoka na rangi yake. Inabidi uoshe, ukwangue kidogo na msasa, ufute na spiriti ya kusafishia, upake praima kama breketi ni za plastiki, alafu uliache gari litulie siku mbili tatu bila kwenda popote. Na siku ya baridi kali kazi hiyo isifanyike, gundi haikomai vizuri. Ukimwita fundi mwenye haraka anayelipwa kwa kazi na sio kwa siku, hatua mbili katika hizo anaziruka, nawe huwezi kujua mpaka siku ya upepo.

Tuwe wakweli pia, shemeji hajakosea kila mahali. Kuna zile vani za bati la chuma kuanzia mbele mpaka nyuma, watu wanazigeuza wenyewe kuwa nyumba, nyingine zimetoka kiwandani na sehemu za kufungia keria juu. Pale unafunga reli kwa bolti na paneli unazifunga kwenye reli, hutoboi hata tundu jipya, na siku ukitaka kubadili unafungua na spana. Kwenye gari la namna hiyo mtu akianza kuniimbia gundi namshangaa. Na hata mwenye gundi tundu moja lazima alipate, waya upite wapi? Wengi wanalisahau hilo. Yule mzee jirani nae kumbe ana tundu lake la waya, kaliziba vizuri na kikofia chake cha plastiki, nikamuuliza akacheka.

Sasa ile ya kupinda aliyoniachia mwenye gari. Sifa zake ni kweli, ya wati 100 ina uzito wa kilo 2 hivi wakati ya kioo na fremu ni 7 au 8, na ukipita huioni. Tatizo imebandikwa chapa kwenye paa, chini hakuna hata nafasi ya upepo. Paneli yoyote ile namba ya wati uliyoandikiwa nyuma imepimwa seli zake (vile vipande vinavyogeuza jua kuwa umeme) zikiwa na joto la nyuzi 25, na kila nyuzi inayoongezeka inapunguza umeme kama asilimia 0.3 mpaka 0.4. Seli zikifika nyuzi 65, na juu ya paa lisilo na hewa zinafika bila shida, ushapoteza karibu asilimia 14, na joto hilo hilo linaikaanga plastiki ya juu. Yangu ilikuwa imefanya malengelenge kama chapati na rangi imegeuka maziwa. Kuitoa ilinichukua Jumamosi nzima na waya wa gitaa, nakata gundi kidogo kidogo huku nimelala kifudifudi, manake ukisimama juu ya paa lile unalipasua. Nikaapa sirudii.

Lakini haya yote, skrubu, gundi, ya kioo, ya kupinda, ni maswali ya pili. La kwanza ni jua, na hapo ndo mimi na shemeji tunaongea lugha mbili bila kujua. Paneli ya motahomu inalala chali, haiinamishwi, inaangalia mbingu. Dodoma hilo halina shida, jua la saa sita mchana mwaka mzima halishuki chini ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. London nyuzi 60 na kidogo ndo jua lao la juu kabisa, la mwezi wa sita, yani siku yao bora inalingana na siku ya Dodoma jua likiwa chini kuliko zote! Desemba London linafika nyuzi 15 tu, limeinama kama mtu anachungulia chini ya mlango, na mchana wenyewe ni masaa 8 hata hayatimii. Paneli iliyolala chali inapata robo tu ya lile jua ingepata kama ingelitazama usoni, hapo bado hujatoa mawingu.

Mimi niliishia kufunga ya kioo ya wati 150, kwa gundi na breketi. Siku nzuri ya Juni inanipa wati-saa 600 hivi, friji yangu ya kompresa inakula kama 450, kwa hiyo taa na simu zinapata chao na betri inalala imeshiba. Desemba siku nyingi sifikishi hata 60. Sitanii, 60. Mtu anayesafiri kiangazi tu, sola juu ya paa ni raha, anakaa porini wiki nzima hagusi nguzo ya umeme ya kambi. Mtu anayetaka kulala ndani ya gari Januari asidanganywe kuongeza paneli ya pili na ya tatu, robo ya kidogo ukiizidisha mara tatu bado ni kidogo, bora aweke chaja ya kuvuta umeme kwenye alternata gari likitembea.

Alafu kivuli. Nilifanya jaribio langu, saa saba mchana, kontrola (kile kifaa kati ya paneli na betri) inasoma ampea 7, nikaweka kipande cha kadibodi kufunika seli moja nzima kati ya seli 36. Ikashuka mpaka karibu na sifuri. Zile seli zimeungwa kama foleni, mmoja akigoma nusu ya foleni inarukwa, na nusu inayobaki inatoa volti kama 9, ambazo haziwezi kusukuma kitu kwenye betri ya volti 12. Kwa hiyo kabla ya kubishana breketi gani, angalia antena yako ya tivii iko wapi na kivuli chake kinaangukia wapi.

Na hapo ndo wanaotetea paneli ya chini, ile ya kukunja kama sutikesi, wananikamata. Wanasema wewe na gari lako mnaungua juani ili paneli ipate chakula, sisi gari liko chini ya mti, paneli tumeiegemeza kule kwenye jua na kila baada ya masaa mawili tunaigeuza. Kweli, na Oktoba jua likiwa limeinama wananipita mbali. Ila ya chini inaibiwa, inapigwa teke na mbwa, mvua ikianza unatoka na kaptula kuiokoa, na ukipaki mjini huwezi kuianika barabarani kama dagaa. Gari likikaa uani miezi mitatu ya baridi, ile ya juu hata na visenti vyake inaifanya betri isife, ya chini iko stoo imejikunja.

Kitu kingine ni uzito, kwa leseni yangu ya hapa (niliipata baada ya 1997) mwisho ni kilo 3,500. Nilipita mizani, sio ya Vigwaza lakini presha ile ile, maji yamejaa, gesi mbili, mke na watoto wawili ndani, ikasoma 3,470. Bado kilo 30! Paneli na breketi zimekula 12, na betri ya pili ya risasi ingekula 25 nyingine, nimepita tayari. Nilichofanya ni kutoa ile ya risasi na kuweka moja ya lithiamu ya ampea-saa 100, ina kilo 12 hivi na unaweza kuitumia karibu yote, wakati ya risasi ukipita nusu unaiua. Bei yake iliniuma, na haitaki kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, nimeihamishia chini ya kiti cha ndani kwenye joto.

Juzi shemeji katuma voisi nyingine, kuna mteja wake ana Land Cruiser lenye hema juu anataka sola, anauliza gundi ipi nilitumia. Nikamjibu gari lake lina keria ya chuma, funga bolti, weka nati za kujikaza manake barabara za vumbi zitazilegeza, na acha nafasi ya vidole vitatu chini upepo upite. Kanijibu na emoji ya kucheka, "si nilikwambia skrubu".