Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, tumhesabie kazi yake

Jumapili moja asubuhi, kwenye uwanja wa sementi wa kartie yetu, kijana mmoja wa Katuba aliondolewa mchezoni kwa sababu "hajui kutupa". Nilikuwa nimekaa pembeni. Katika dakika kama kumi nilizomtazama, kijana yule aliokota karibu kila mpira uliogonga chuma, akawazuia wenzake mara tatu chini ya kikapu, na hakukosea pasi hata moja. Alikosa vikapu viwili tu. Hivyo viwili ndivyo vilivyomtoa. Nilirudi nyumbani nikimfikiria Bismack Biyombo.

Hapa Lubumbashi, ukiuliza nani mchezaji mkubwa wa basketi wa Kongo, utaambiwa Dikembe Mutombo, na ni haki yake, Mungu amrehemu. Vijana watakutajia Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma. Biyombo, aliyezaliwa hapa hapa mjini tarehe 28 Agosti 1992, atatajwa wa mwisho, na mara nyingi kwa mkunjo wa uso: "Yule asiyefunga." Neno hilo linaniuma.

Tuanze na namna alivyotoka. Hakupitia chuo chochote cha Marekani. Kocha Mreno, Mario Palma, alimwona kwenye mashindano ya vijana huko Yemen, akiwa na miaka kumi na sita hivi, na njia ikamfikisha Fuenlabrada, Hispania. Aprili 2011 aliitwa Portland kuchezea kikosi cha vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani katika mchezo wa Hoop Summit. Akaondoka uwanjani na pointi 12, rebondi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na kontre 10 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Hakuna aliyewahi kufikisha kumi katika mambo matatu kwenye mchezo ule kabla yake. Kontre kumi! Mwenye kucheza basketi anajua kwamba kontre moja safi yatosha kumfanya mtu atembee kifua mbele wiki nzima.

Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa 7 kati ya vijana wa kuingia NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, akaenda timu ya Charlotte. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuhukumiwa vibaya. Mwaka ule ule Klay Thompson alichaguliwa wa 11 na Kawhi Leonard wa 15, na kila mwenye kalamu akaanza kulinganisha. Wengine wakaenda mbali zaidi, wakatilia shaka hata umri wake, kama wanavyofanyiwa watoto wengi wa Afrika wakitokea na nguvu. Leonard ni mchezaji wa ajabu, sibishi. Lakini Biyombo ana urefu wa mita 2.03 tu, mfupi kwa mtu wa kati, na hakuletwa kufunga. Aliletwa kulinda chuma. Ukimwajiri mtu awe mlinzi wa usiku, usimlaumu kwamba hapiki bukari.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Mei 2016. Toronto, timu yake ya wakati ule, walikuwa fainali ya kanda ya mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James, wameshapigwa michezo miwili, wa kwanza kwa tofauti ya pointi 31. Jonas Valančiūnas, mtu wao wa kati, alikuwa ameumia, kwa hiyo Biyombo ndiye aliyeanza. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, na umeme, kwa bahati, haukukatika. Tulikaa watu wanne mbele ya televisheni ndogo, sauti tumeipunguza ili watoto wasiamke. Kila mpira uliokosa kikapu ulirudi kwenye mikono yake. Tulianza kuhesabu kwa sauti ya chini: kumi na tano, kumi na nane, ishirini. Alimaliza na rebondi 26 na kontre 4, na Toronto wakashinda 99 kwa 84. Pointi zake? Saba. Mtu mwenye pointi saba ndiye aliyeugeuza mchezo ule, na hakuna Mtoronto wa siku ile atakayekubishia. Cleveland walishinda mfululizo 4 kwa 2, kisha wakawa mabingwa, lakini usiku ule sisi wanne tulitembea hadi barabarani kupunga hewa, hatuna usingizi.

Majira hayo hayo Orlando wakampa mkataba wa miaka minne, dola milioni 72. Tangu hapo watu walimhesabia pesa badala ya kumhesabia rebondi. Alirudi Charlotte 2018, na baadaye akapita Phoenix, Memphis, Oklahoma City na San Antonio. Wapo wanaosema kuhamahama hivyo ni dalili ya mchezaji aliyeshindwa. Mimi naona kinyume. Timu haimwiti tena na tena mtu wa zaidi ya miaka thelathini kuja kupamba benchi. Inamwita kwa sababu kuna kazi ngumu isiyo na makofi, na inajua ataifanya bila kulalamika.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Wakongo, hasa wa hapa, tulipaswa kulijua kwa moyo. Papa yake alifariki 2021. Biyombo akakaa nje ya basketi miezi kadhaa. Aliporudi Januari 2022 na Phoenix, mshahara wake wote wa msimu ule, zaidi ya dola milioni moja, aliutoa ijengwe hospitali huku Kongo kwa kumbukumbu ya papa yake. Wakati wa korona pia alikuwa ametuma vifaa vya matibabu vya thamani ya dola milioni moja. Najua watu wanaoweza kukutajia kila bao la Mazembe tangu utoto wao, na hawajawahi kusikia habari hii.

Sidai Biyombo awekwe juu ya Mutombo. Nadai tujifunze kumtazama, maana tunavyomtazama yeye ndivyo tunavyowatazama watoto wa viwanja vyetu. Kila mtoto sasa anataka kutupa kutoka mbali kama Stephen Curry. Wanagombania mpira dakika nzima atupe nani, kisha ukirudi kutoka chuma hakuna mtu chini.

Tangu Jumapili ile naenda uwanjani na daftari. Siandiki pointi, zile kila mtu anazikumbuka. Naandika rebondi, kontre, na mipira iliyookolewa kabla haijatoka. Mwanzoni vijana walinicheka. Jumapili iliyopita kijana wa Katuba aliachwa acheze mchezo mzima. Mwishoni alikuja akihema, jasho linamtiririka, akainama juu ya daftari langu.

"Papa, zangu ni ngapi?"

"Kumi na nne."

Akaomba nimwonyeshe kwa kidole, akazihesabu moja moja.