Anayekwenda kusomea uzamivu wa fasihi ya Kiingereza hajapotea

Kijana aliyemaliza shahada ya umahiri Nairobi au Dar es Salaam akisema anaomba nafasi ya uzamivu (PhD) wa fasihi ya Kiingereza nchini Marekani, wa kwanza kumzuia huwa ni watu wanaomtakia mema. Siku hizi wana takwimu mkononi. Inayotajwa zaidi ni ya Modern Language Association, chama cha wasomi wa lugha na fasihi cha Marekani, ambacho huhesabu nafasi za kazi zinazotangazwa katika orodha yake. Mwaka wa masomo wa 2007–08 orodha ya Kiingereza ilikuwa na nafasi zaidi ya 1,800. Kufikia 2016–17 zilikuwa zimebaki takriban 850, na janga la korona lilikuwa bado halijaja.

Takwimu hiyo ni ya kweli. Tangu mdororo wa uchumi wa 2008, vyuo vingi vya Marekani havijazi nafasi za maprofesa wanaostaafu. Madarasa yao hupewa wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa kozi. Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston kilisitisha udahili wa uzamivu katika idara kadhaa za insia (masomo kama fasihi, historia na falsafa) na sayansi za jamii, Kiingereza ikiwemo, na mwaka 2025 kitivo cha sanaa na insia cha Chuo Kikuu cha Chicago nacho kikatangaza kupunguza au kusitisha udahili katika idara zake. Kuna na suala la viza, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote kwa mtu wa kwetu. Mwanafunzi wa kigeni akihitimu huruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Wa sayansi, uhandisi na hesabu anaweza kuongezewa 24. Wa fasihi hana nyongeza. Na kwa kuwa nafasi nyingi za ualimu wa vyuo hutangazwa kwa msimu, miezi hiyo 12 inaweza kumtosha kuomba kazi mara moja tu kabla hajafunga virago.

Sasa tuiangalie ile hesabu ya 1,800 na 850 kwa utulivu, maana imegeuzwa rungu la kumpigia kila anayependa vitabu. Inahesabu matangazo ya kazi, katika orodha moja, ya nchi moja. Inamfaa Mmarekani anayeuliza kama atapata uprofesa kwao. Mwombaji wa kwetu mara nyingi ana swali jingine. Wengi ni wahadhiri wasaidizi tayari, wana darasa lililojaa na cheo ambacho hakisogei. Nchini Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilitaka mhadhiri awe na uzamivu, ikatoa miaka mitano. Muda huo ulipita bila watu kufukuzwa kwa wingi, lakini ujumbe ulifika: bila shahada hiyo, huna pa kupanda. Mtu huyu ukimwambia kazi za ualimu zimepungua huko ughaibuni, hujamjibu alichouliza.

Mweke kwenye mizani pamoja na njia iliyobaki. Akisoma nyumbani, mara nyingi hulipa karo mfukoni mwake huku akifundisha mzigo kamili, sura ya tasnifu ikikaa miezi kwa msimamizi aliyezidiwa na wanafunzi. Akipata nafasi yenye ufadhili kamili Marekani, anasamehewa karo na kupewa posho, naye anafundisha uandishi wa insha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Posho ni ndogo, kwenye miji ya ghali inabana sana. Lakini ni mshahara wa kusoma, mara nyingi kwa miaka mitano au sita, maktaba ikiwa mlangoni.

Miaka sita ndiyo inayowatisha wazazi. Wenzake watakuwa wamejenga, watakuwa wameoa, na yeye bado anaandika juu ya riwaya. Naielewa hofu hiyo, hasa pale mshahara mmoja unapotazamwa na ukoo mzima. Hata hivyo miaka hiyo huwa inahesabiwa kana kwamba mtu alikuwa amelala. Kwa muda huo amefundisha madarasa, amejifunza kuhariri, kuandika maombi ya fedha za utafiti, kuisoma hoja ya mtu hadi aone inapovuja. Wachapishaji na mashirika ya utafiti wanazihitaji stadi hizo, hata kama tangazo lao halitaji fasihi.

Na kuna Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya. Tuzo ya Nobel ya fasihi ya 2021 ilipomfikia, tulimshangilia kama mwana wa Zanzibar, kwa haki. Kilichosemwa kidogo ni kwamba alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mwaka 1982, kwa tasnifu juu ya uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Aliendelea kufundisha fasihi Kent hadi alipostaafu. Kwa miongo mitatu, wakati vitabu vyake vikisomwa na wachache, alikuwa na mshahara wa mhadhiri. Mwaka 2022 wasomaji wa Kiswahili walipopata *Peponi*, tafsiri ya riwaya yake *Paradise* iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, mfasiri wake alikuwa Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, chuo cha masomo ya Afrika na Asia kilichoko London, mwenye uzamivu uliochunguza tafsiri za Kiswahili nchini Tanzania. Fani yake ni jirani tu na hii ninayoizungumzia, lakini kazi ile ilihitaji msomaji aliyepewa miaka ya kuzama.

Sidai kwamba nyumbani kunangojea kwa matarumbeta. Wahadhiri wa vyuo vya umma Kenya waligoma siku 49 mwaka 2025 wakidai, pamoja na mengine, shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017–2021. Anayerudi anarudi kwenye ugomvi huo.

Kwa hiyo, asiye na ufadhili kamili, ushauri wangu ni asiende. Deni la karo ya Marekani halilipiki kwa mshahara wa mhadhiri wa kwetu. Mwenye ufadhili aulize idara kabla ya kukubali: waliohitimu miaka mitano iliyopita wako wapi, wangapi waliacha njiani, posho inaendelea miezi ya kiangazi, bima inamgusa mtoto? Na kama ameajiriwa huku, asiondoke kwa ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara. Ruhusa ya masomo, muda wake, na cheo atakachorudia viandikwe na kutiwa sahihi na chuo kabla hajakata tiketi.