Andiko halikuletwa kumnyamazisha anayelia

Jumapili iliyopita, ibada ilipokwisha, nilikuwa nimesimama mlangoni karibu na mama mmoja aliyepoteza mimba ya miezi saba. Alikuwa anamwambia dada mmoja ninayemheshimu sana: "Dada, usiku unanishinda. Nikilala naona kama kifua kinabanwa." Hakufika mbali, yule dada akamkatiza: "Wafilipi nne, sita, mpendwa! Msijisumbue kwa neno lolote. Usimpe shetani nafasi." Mama wa watu alikuwa na leso mkononi. Akaikunja mara mbili, akaikunja tena, mpaka ikaenea yote ndani ya ngumi. Kisha akasema, "Amina," na hakusema kingine.

Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Hiyo Amina imenikaa rohoni wiki nzima.

Siandiki haya kama mtu anayedharau Neno. Ulikuwepo mwaka ambao kila siku niliamka saa tisa za usiku, moyo unanienda mbio, sijui ninaogopa nini. Biblia ndiyo iliyonishika. Ila haikunishika kwa mistari ya ushindi, maana hiyo nilikuwa nimeikariri yote na bado nilikuwa nazama. Iliyonishika ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hufika mahali zikageuka kuwa sifa. Hii haigeuki. Inaishia hivi: "Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani." Neno la mwisho ni giza, na waliotukusanyia Zaburi wakaiacha hivyo hivyo, hawakuibandika haleluya. Usiku ule niliposoma, nililia kwa sababu nilijua hata hali yangu ina maneno ya kumwambia Mungu.

Sasa turudi kwa hao Wafilipi, kwa sababu ndio mstari tunaouumiza kuliko yote. Paulo anaandika akiwa kifungoni. Na haishii kwenye "msijisumbue", anaendelea: "haja zenu na zijulikane na Mungu." Zitajulikanaje, kama mwenye haja amezibwa mdomo kabla hajamaliza sentensi? Halafu rudi nyuma sura mbili tu, ndani ya barua hiyo hiyo. Epafrodito, yule waliyemtuma kumhudumia Paulo, ameugua karibu na kufa, na Paulo anasema Mungu alimhurumia Epafrodito na yeye Paulo pia, "nisipate huzuni juu ya huzuni." Anataka amrudishe Epafrodito kwao ili huzuni yake yeye Paulo ipungue. Ni mtu yule yule! Aliyesema tusijisumbue hakuona haya kuliandikia kanisa zima kwamba ana huzuni. Na ile amani anayoiahidi, ambayo "itawahifadhi mioyo yenu na nia zenu," kwa Kigiriki ni neno la askari wanaolinda lango la mji. Askari huwekwa penye hatari. Kwa hiyo mtu akisema "naogopa", usimhesabie kwamba hana imani. Anakuonyesha lango lake liko wapi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna wakati nafsi inahitaji kuambiwa neno thabiti. Mwimbaji wa Zaburi ya 42 anafanya hivyo: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Lakini angalia anaongea na nani. Anaongea na nafsi yake mwenyewe. Mithali 4:23 nayo inasema linda moyo *wako*. Mstari ninaojisemea mwenyewe gizani ni ngao. Mstari huo huo nikimrushia mtu ambaye sijamsikiliza, unamchoma.

Na Eliya je? Nabii huyo amekaa chini ya mretemu, mti wa jangwani, anaomba afe: "Yatosha." Malaika hakumkemea wala hakumwuliza imani yake imeenda wapi. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Mkate juu ya makaa, gudulia la maji kichwani pake. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili. Mafundisho yalimngoja huko Horebu, mlima wa Mungu, mwendo wa siku 40.

Kwenda kwa daktari si kumkana Mungu. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa.

Jumatano nilikwenda kwa yule mama. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitatamka mstari mpaka aniombe. Rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomsaidia. Tukakaa. Akaniambia jina walilokuwa wamemchagulia mtoto. Akalia, nami nikalia. Baada ya muda mrefu akauliza kama kweli ndani ya Biblia kuna mtu aliyewahi kujisikia hivi halafu asipone papo hapo. Nikafungua ile ya 88, nikamsomea taratibu kuanzia juu.

Nilipofika mwisho alikuwa amefumba macho.

"Hapo mwishoni," akasema, "hebu rudia."

Nikarudia.