Shahada ya kuendesha asasi: mhitimu atamjibu nani?

Marekani waliamua zamani kwamba kuendesha shirika lisilotafuta faida ni fani ya kusomewa. Chuo Kikuu cha Indiana, pale Indianapolis, kilianza na kituo cha masuala ya hisani mwaka 1987, na 2012 kikawa na shule kamili, ambayo sasa ina jina la familia ya Lilly, matajiri wa dawa. Afrika nako, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kina kituo cha hisani ya Kiafrika ndani ya shule yake ya biashara. Tanzania, wengi wanaoongoza asasi walisomea udaktari, ualimu, sheria au maendeleo ya jamii. Je, na sisi tuifuate njia hiyo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Daktari akikabidhiwa asasi yenye wafadhili watano, kila mmoja na fomu zake, mwaka wake wa fedha na masharti yake ya manunuzi, udaktari haumsaidii. Kuna Sheria ya NGO ya 2002 na marekebisho ya 2019, kuna mkaguzi wa hesabu, kuna bodi isiyojua mipaka yake. Halafu kuna mwanzilishi asiyetaka kung'atuka. Ugomvi wa aina hiyo huua hata asasi yenye fedha benki. Haya yote yanafundishika.

Lakini mtaala huu ukiletwa kama ulivyo, utazalisha mafundi wa maandiko ya miradi, na hao tunao tayari. Mama aliyeanzisha kituo cha yatima sebuleni kwake ataambiwa nafasi ya ukurugenzi inahitaji shahada ya uzamili. Na mfadhili akiondoka? Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada ya nje, na ilipofika Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefunga kazi zake. Aliyebobea kuandika ripoti za kumridhisha mfadhili mmoja alibaki na ujuzi usio na mteja.

Mimi ningeunga mkono shahada hiyo kwa sharti moja: ianze na uchangiaji wetu wenyewe. Fungua kundi la WhatsApp la kamati ya harusi Dar es Salaam. Mweka hazina anabandika orodha: jina, ahadi, alicholipa, salio. Mtu analipa elfu hamsini ya ahadi yake, jina lake linasogezwa juu, bei ya ukumbi inabishaniwa mbele ya wote. Mamilioni yanapatikana. Watu hao hao wakiombwa elfu kumi na asasi ya wagonjwa wa saratani, wanasita, na si kwa uchoyo. Harusini wanamjua anayeshika fedha, wanaona hesabu, na wanajua zamu yao itafika. Asasi itajengaje imani hiyo kwa mtu asiyetarajia kurudishiwa? Hilo ni somo la muhula mzima, na sidhani kama profesa wa Indianapolis ndiye wa kutufundisha.

Serikali ya kijiji inatakiwa kuwasomea wananchi mapato na matumizi kila robo mwaka. Asasi inayofanya kazi kijiji hicho hicho hutuma ripoti yake Ulaya, kwa Kiingereza. Mwanafunzi asimame kwenye mkutano wa kijiji, asome hesabu za asasi, ajibu maswali, ndipo apewe cheti. Chuo kisichoweza kumpa mkurugenzi mafunzo ya namna hiyo, bora ada yake ikamwajiri mhasibu mzuri.