Mzee na sifuri yake

Jamani mi yamenikuta. Msimu huu wa korosho nimepewa kazi ya kutengeneza kiprogramu cha ghalani huku Newala, kazi ya kitoto, karani anaandika jina la mkulima na kilo, mashine inajumlisha, basi. Nikasema hela ya dezo hii, nikaichapa kwa C#, lugha ya kuandikia programu, siku mbili, nikarudi kwenye ming'oko yangu.

Kumbe mkulima kama hajapimiwa, karani kile kisanduku cha kilo anakiacha hivyohivyo. Sasa int.Parse, ile amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikikuta patupu haina adabu hata kidogo, inarusha kosa programu inajizima foleni yote inaona, karani ananitolea macho utadhani mi ndo nimekata umeme. Nikahamia TryParse, ndugu yake. Hiyo mpole, ikishindwa inakwambia hapana halafu inakuachia 0 mkononi, na mi kwa uvivu wangu hiyo hapana sikuisikiliza, nikabeba 0 nikasepa nayo.

Karatasi zikabandikwa ukutani. Mzee mmoja wa kibaraghashia kashuka na kidole mpaka kwenye jina lake. "Mjukuu wangu, magunia yangu manne yale pale chini ya mwembe, mzani hayajapanda, we ushajua hamna kitu?"

Nikamwambia babu, hiyo sifuri maana yake bado.

"Basi si uandike bado!"

Watu wote eeeh! Yani mzee hajawahi kugusa kompyuta kanifundisha null, yani "hamna thamani bado", hadharani, na C# ina int?, namba (int) inayoruhusiwa kuwa null, yenye alama yake ya kuuliza tangu 2005, mi miaka yote naiona urembo.

Usiku nikakaa na zile int?. TryParse ikikubali weka namba, ikikataa weka null, mstari mmoja tu, lakini kompyuta ya ghala ya kale na kompaila yake ya kale, ile inayotafsiri programu kwa mashine, ikagoma, eti int na null hawana undugu, mpaka nikaiandikia (int?)null kama naandika barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji. Ikakubali. Nikalala saa tisa, roho kwatu.

Asubuhi hii karani kanipigia. Kumbe ukijumlisha kwa + halafu humo ndani kuna null hata moja, jibu lote null. Jumla ya ghala zima patupu, hadi kilo za mwenyekiti hazionekani, na mzee mwenyewe bado kakaa chini ya mwembe hajapima.